Habari Zilizokula Betri

Mususa, Butembo. Jumamosi, 14 Septemba 2002

Leo nimeilaza pikipiki yangu ndani kama mgonjwa. Mimi na kaka yangu mkubwa, Nzanzu, tuliisukuma kutoka uani hadi stoo yake ya maharage, injini kimya, tukapanga magunia mbele yake mpaka usukani ukafichika. Askari wanachukua pikipiki kwenye barabara ya Beni. Wanasema wanaazima. Mimi sijaona hata moja iliyorudi kwa mwenyewe.

Basi kesho kutwa mimi, Lusenge, ambaye kila mwenye duka kati ya Butembo na Beni ananijua, nitaanza kumbebea fundi seremala mbao begani.

Florentine, mke wangu, yuko Mangina kwa mama yake. Mama Adèle aliteleza mtoni mwezi wa saba akavunjika nyonga, hawezi kusimama. Florentine alikwenda kumuuguza na kumvunia mpunga. Nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki hii. Siku ya kuagana Mama Adèle aliniuliza, vita vikifika itakuwaje? Nikafungua kiti cha pikipiki nikamwonyesha betri, safi, vichwa vyake vimepakwa grisi.

"Mama, benzangu banabadilisha betri kila mwaka. Hii yangu iko na miaka tatu, na inawasha kiki ya kwanza. Siku mutasikia risasi, mukae tu pa nyumba. Nitakuja. Weye utapanda katikati, Florentine nyuma."

Mama Adèle alicheka. Akawaambia majirani kwamba wengine wamepata wakwe wenye ng'ombe, yeye amepata mkwe mwenye betri.

16 Septemba

Nimebishana na Nzanzu. Pikipiki yangu ni ya zamani, moto wake wote inauomba kwa betri. Betri ikifa, piga kiki mpaka mguu uvimbe, haiwaki. Na betri haifi kwa kazi tu, inakufa hata kwa kukaa bure. Ukiiacha bila kuichaji, sahani zake za ndani zinaota unga mweupe, na baada ya hapo utaibembeleza bure.

"Yaya, kaka yangu, niachie niipeleke kwa Muyisa, ule wa kuchaji, kila wiki mbili," nilimwambia.

"Hapana kutoka nayo hapa. Ukipita na betri ya piki mu njia, mutaa muzima utajua piki iko wapi."

"Basi itakufa."

"Ikufe! Piki ya kufa, hakuna askari, hakuna soda ataitaka."

Nzanzu ni mkubwa wangu na nyumba ni yake.

19 Septemba

Nzanzu mwenyewe amepata akili. Ana radio kubwa ya mawe manane, zile betri ndogo kavu, na mawe ya radio sasa yamepanda bei kama nyama. Watu wengi hapa wanafunga radio kwenye betri ya pikipiki. Tukiifunga na sisi, nitapita nayo mchana kweupe kwenda kwa Muyisa, na atakayeuliza atajibiwa kwamba ni betri ya radio ya Nzanzu. Hata uongo si uongo.

Nimekubali kwa sharti moja: radio ifunguliwe kwa habari za jioni tu, kisha waya zitolewe. Betri ya pikipiki imezoea kutoa nguvu kidogo wakati wa kuwasha na kurudishiwa papo hapo na injini. Ukiikamua polepole mpaka chini, unaiua.

"Habari tu," Nzanzu akasema, akaweka mkono kifuani kama kwenye misa.

29 Septemba

Mvua kubwa. Nimeweka beseni katikati ya uwanja, mbali na paa. Maji ya bati yana kutu, ya bomba yana udongo, na betri inataka maji yasiyo na kitu. Mvua ya kwanza inaosha hewa, hiyo naimwaga. Inayofuata ndiyo nakinga, nachuja kwa kitambaa, naweka kwenye chupa. Nimejaza vyumba vyote sita vya betri mpaka sahani zikafunikwa kidogo. Wapo mafundi wanaoongeza asidi wakidhani wanaipa nguvu. Asidi ikiongezwa kwenye betri nzima inakula sahani.

Nzanzu alinitazama nikichuja akasema padri haangalii divai yake hivyo.

6 Oktoba

Mbao. Mvua. Bega limechubuka.

13 Oktoba

Sasa tuna wageni. Nzanzu hawezi kusikia habari peke yake, lazima awe na mtu wa kumwambia "umesikia?" Kwanza alikuja jirani mmoja, leo uwanja umejaa. Wanasema vita viko Mambasa na vinashuka kuja huku. Kila mtu ana ndugu upande ule, siwezi kuwafukuza.

Ninayemchukia ni mmoja, Papa Laurent, karani wa ofisi ya ardhi, mtu wa Kisangani. Serikali ilimleta hapa kabla ya vita ikamsahau bila mshahara. Anakuja na kigoda chake, anakaa karibu na mlango wa stoo, na macho yake hayako kwenye radio. Nimemwambia Nzanzu kwamba yule anatafuta kitu cha kwenda kuuza kwa askari.

"Muache," Nzanzu akasema. "Mutu wa mbali anapenda habari."

21 Oktoba

Mama mmoja muuza mchele kutoka Mangina ameniletea salamu. Florentine ni mzima, mpunga umeanza kukauka. Mama Adèle anakaa lakini hasimami. Watu wa Mambasa wanapita mbele ya nyumba yao wakiwa na magodoro kichwani. Florentine amesema nisije sasa, pikipiki itakamatwa bure, risasi bado ziko mbali. Ameuliza: betri iko sawa?

Nimemjibu kwamba iko sawa sana.

27 Oktoba

Radio ilikuwa inaimba nilipokuwa bado kwenye kona. Kumbe mimi nikiwa kwenye mbao, Nzanzu anafungua asubuhi kwa misa, mchana kwa mpira, saa kumi kwa salamu za wasikilizaji. Habari tu! Nilichomoa waya mbele ya watu. Nzanzu alikasirika, akanifuata ndani.

"Unaniharibisha uso mbele ya wageni."

"Yaya, hii betri ni ya kumuchukua Florentine na mama yake."

"Na bila radio, utajua namna gani siku ya kwenda kubachukua?"

Swali hilo ndilo lililoniuma.

28 Oktoba

Nimeipeleka betri kwa Muyisa. Anachaji kibandani kwake kwa jenereta, betri za mtaa zimepangwa kama watoto wa shule. Nikamwomba achaji polepole, umeme mdogo, kutwa nzima, vifuniko wazi ili hewa itoke. Alinisikiliza vizuri. Ni mtu mpole anapokuwa na mafuta.

2 Novemba

Siku ya wafu. Mvua tangu asubuhi. Nzanzu ameahidi tena.

9 Novemba

Ahadi ya Nzanzu haikufika hata Jumatano. Jana radio ilikuwa inakoroma. Nimefungua vifuniko: maji yameshuka, sahani zinaonekana juu, kavu. Nimejaza maji yangu ya mvua, nikakimbia kwa Muyisa.

Mafuta hayafiki tena vizuri kutoka Uganda. Muyisa anawasha jenereta saa chache tu, na kila mtu anataka yake. Nilipokwenda kuichukua, betri ilikuwa ya moto kama sufuria ya ugali, na maji yanatokota ndani.

"Umeipika!"

"Lusenge, nifanye je? Batu ni wengi, mafuta ni kidogo. Nimeisukumia umeme mukubwa ipone haraka."

Ilikuwa imejaa juu juu tu. Taa ya kupimia iliwaka nyeupe, kisha taratibu ikawa nyekundu kama kaa la mkaa. Nilimwonyesha Nzanzu taa ile nikamwambia hii ndiyo roho ya mama mkwe wangu. Akasema nisitukane mbele ya watoto wa watu.

24 Novemba

Nimeificha betri chini ya kitanda changu. Wageni walipokuja, Nzanzu akasema radio imeharibika. Papa Laurent akaniangalia mimi, si Nzanzu. Wakakaa hivyo hivyo kwenye giza wakisimuliana uvumi, mmoja anasema Mangina imekwisha, mwingine anasema haijaguswa. Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Mwishowe nilikwenda mwenyewe kuitoa betri chini ya kitanda, nikafunga waya kwa mikono yangu. Nilitaka kujua kama Florentine yu hai. Radio haikutaja Mangina.

Sasa nitamlaumu nani?

3 Desemba

Muyisa hana mafuta kabisa. Betri za mtaa mzima ziko sakafuni kwake, zote tupu.

12 Desemba

Naandika mkono ukiwa na damu.

Jioni uwanja ulijaa kama kawaida. Sauti ya radio ilikuwa ndogo, watu waliinama mpaka vichwa vikagusana. Ikasema Mangina. Ikasema wakazi wanakimbia kuelekea Beni. Ikakoroma, ikanyamaza.

Niliingia stoo nikaanza kutupa magunia ya maharage nje. Sikujali anayeona. Niliirudisha betri mahali pake, nikafunga vichwa vyake, nikapiga kiki. Kitu hakuna. Nikapiga tena na tena mpaka kiki ikanirudi ikanichana mguu na kiganja. Taa ya mbele haikuonyesha hata ule wekundu.

"Tuisukume ku mulima," mtu akasema. Alikuwa Papa Laurent. Alivua viatu vyake vya ofisi, akakunja suruali, akashika nyuma ya kiti. Nzanzu akashika upande, majirani wakashika palipobaki. Mlima wa Mususa ni mkali, na mwanga ulikuwa bado upo kidogo. Tulishuka nayo tukikimbia, nikaachia klachi, ikakohoa mara moja. Tuliipandisha, tukashuka nayo tena. Papa Laurent alianguka, suruali ikapasuka gotini, akainuka akasukuma.

Huku chini, kwenye daraja, askari watatu walikuwa wamesimama wakitutazama. Mmoja alinitoa kwenye kiti akapanda yeye. Akapiga kiki, akapiga tena. Akacheka.

"Oyo ekufi," akawaambia wenzake. Hii imekufa. Wakatuachia wakaenda zao.

Basi Nzanzu alisema kweli tangu siku ya kwanza: pikipiki ya kufa hakuna askari anayeitaka. Nilimtazama usoni. Alikuwa analia, na mimi sikumhurumia.

Tulipokuwa tunapandisha mara ya mwisho nilimuuliza Papa Laurent kama alishangaa kuona pikipiki.

"Ndeko, harufu ya esansi, mafuta ya piki, iko inatoka mu ile maharage tangu mwezi wa tisa. Muke wangu Monique anacheka kila siku, anasema maharage ya Nzanzu yanakunywa. Mutaa muzima inajua."

"Na haukusema kwa basoda?"

"Niseme nini? Miye ninakaa pale pa mulango ili mutu mwingine asisikie harufu."

Nimeandika mabaya mengi juu ya mtu huyu. Yako kurasa za nyuma, na siyafuti.

13 Desemba

Nimepata lori la mwisho la Beni, juu ya viazi. Kabla ya kuondoka, Nzanzu alinishika mkono wa shati. Nikauondoa mkono wake.

Beni, 15 Desemba

Hakuna gari linalokwenda Mangina. Nimeanza kwa miguu, nikirudi kule ambako watu wanatoka. Barabara nzima ilikuwa inanijia usoni: mbuzi, vyungu, vizee mgongoni mwa wajukuu. Kila mtu ananiambia nimekosea njia. Penye kizuizi askari wamenirudisha kwa kitako cha bunduki. Nimezunguka mashambani, wamenikuta tena, wamenirudisha tena. Pikipiki ingefika siku ile ile, wakati barabara ilikuwa bado wazi.

Beni, 17 Desemba

Nimempata Florentine. Yuko Mulekera, hapa hapa Beni, kwenye uwanja wa watu wema waliowafungulia wakimbizi. Alikuwa anachambua mchicha wa watu wengine. Amekonda, miguu imevimba. Aliponiona hakusimama.

"Umekuja na miguu," alisema.

Nikauliza mama yuko wapi. Akaendelea kuchambua mpaka mchicha ukaisha. Kisha akanieleza, na naandika kama alivyosema, kwa sababu nikiyaacha kichwani yatanitafuna.

"Siku risasi zilianza kusikilika, bakijana ba mutaa balikuja na kipoyi. Balisha funga miti na blanketi, balikuwa tayari. Bakasema, Mama Adèle, tukubebe. Mama akakataa. Akasema, mubebe ule mama wa pale chini, hana mutu. Miye mukwe wangu anakuja na piki. Ule hawezi kukosa, betri yake iko muzuri."

"Alisema vile?"

"Alisema vile. Bakamubeba ule mama wa chini. Ule mama iko hapa Mulekera, mupaka leo. Jana amenipa chumvi."

Akasogeza mchicha kando, akaendelea.

"Tukangojea usiku ule, tukangojea kesho yake. Kila kelele nilikuwa nasema ni weye. Mama akaniambia, Florentine, weye unajua sauti ya piki yake, enda usimame pa njia panda, asipitilize nyumba. Nikaenda. Risasi zikaanza nyuma yangu, batu bakanisukuma kama maji. Nilikuwa nalia nataka kurudi, banasukuma tu. Miye ninafikiri mama alijua. Alinituma ili miye nitoke."

Nilimweleza juu ya radio. Sikuficha kitu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Donc, kumbe mulisikia?"

"Tulisikia."

"Basi muzuri," alisema, akainuka kwenda kuteka maji. Angenipiga kofi ingekuwa nafuu.

Beni, 25 Desemba

Noeli. Mvua haikukatika. Tumekula mihogo.

Mangina, 4 Januari 2003

Barabara imefunguliwa, tumeingia kwa miguu. Nyumba haina mlango wala bati. Majirani waliorudi kwanza walimkuta Mama Adèle nje, chini ya dirisha linalotazama barabara. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amejiburuta mwenyewe kutoka kitandani, na nyonga ile. Wamemzika kando ya kahawa yake.

Hakuna aliyesema alijiburuta kwenda kusikiliza nini. Tulipalilia kaburi, Florentine upande wake, mimi upande wangu.

Mususa, 8 Januari

Tumerudi kwa Nzanzu, hatuna kwingine. Florentine amemsalimia kwa adabu yote, amempikia, amemwekea maji ya kunawa. Nzanzu hawezi kumtazama. Radio haiko sebuleni. Sijauliza iko wapi.

Stoo iko wazi na pikipiki inaonekana hadi barabarani. Hakuna anayeitaka.

11 Januari

Nimemwona Nzanzu akipita na betri kichwani, katikati ya barabara, watu wakimtazama. Mafuta yamefika kwa Muyisa. Jioni Muyisa aliniambia kwamba kaka yangu amekuja na chupa yangu ya maji ya mvua, akakaa kwenye tofali karibu na betri kutwa nzima, anagusa ubavu wake kwa kiganja kuona kama inapata joto. Ikipata joto anasema, "Punguza."

"Sahani zilikuwa nyeupe," Muyisa alisema. "Nilimuambia itupwe. Anasema hapana, polepole, vile mudogo wangu anapenda."

15 Januari

Nzanzu bado anakwenda. Ni katekista na jana amekosa hata mafundisho. Hasira yangu kwake imechoka kuliko mimi.

19 Januari, Jumapili

Baada ya misa Nzanzu ameileta betri, imefungwa kwenye taulo. Ameifunga yeye mwenyewe mahali pake, amepaka grisi vichwani kama nilivyokuwa nafanya, akarudi nyuma akasimama mikono mgongoni. Papa Laurent alikuwa amekuja kutusalimu, goti la suruali limeshonwa. Nilipiga kiki bila matumaini yoyote, ili tumalize.

Imewaka. Kiki ya kwanza. Imewaka kwa ile sauti yake ya zamani, nzito, isiyokatika, mpaka kuku wakakimbia na mtoto wa jirani akapiga makofi. Nzanzu alifunika uso kwa mikono miwili.

Florentine alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama mlangoni, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayehakikisha.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ile sauti ndiyo hiyo."

Nikangoja.

"Zima," akasema.

Nikazima.